Mnyamwezi Mikono Mitupu

Hakuna sheria ndogo ya Manispaa ya Tabora inayokataza mtu kutembea peke yake. Hakuna kibao, hakuna faini, wala mgambo hawakukimbizi. Lakini hebu jaribu. Toka kwako Ipuli saa kumi na moja jioni, jua limeanza kulegea, huna mfuko, huna mtoto mkononi, husukumi baiskeli, huendi dukani, huendi msikitini wala jumuiya, unataka tu kwenda kuona watu wa Kanyenye wanaishije. Hutavuka nyumba ya tatu kabla hujafunguliwa jalada.

"Za jioni, mzee. Safari ya wapi?"

Swali lenyewe halina ubaya. Kwetu hiyo ni nusu ya salamu. Mtu mzima akipita mbele ya baraza lako usimuulize anakokwenda, umemdharau. Shida iko kwenye jibu langu. Nikisema, "Nanyoosha miguu tu," mwenzangu ananyamaza, ananikagua kuanzia kobazi mpaka kofia, kisha anashusha sauti: "Nyumbani kwema lakini?"

Nyumbani kwema. Ndiyo maana nimetoka.

Nijieleze basi, maana naona hata ninyi mnaosoma mmeshaanza kuniuliza. Mimi ni mstaafu. Miaka yote ya kazi nilishika njia moja, Ipuli hadi ofisini, ofisini hadi Ipuli. Siku niliyokabidhi funguo za kabati nikalishwa keki na kupigwa picha, ndipo nilipobaini kwamba mji huu ninaojigamba kuwa mwenyeji wake nausikia kwa jina tu. Chemchem, Gongoni, Isevya, Mtendeni, Malolo, Cheyo, Kiloleni, Ng'ambo, Tambukareli, Kidongo Chekundu: nusu ya kata hizo nilizijua kwa matangazo ya vifo redioni. Mtu anazikwa Malolo, mimi nauliza Malolo unashukia wapi. Si heshima kwa marehemu, wala kwangu.

Nikajiwekea utaratibu: jioni isiyo na mvua, mtaa mmoja, kwa miguu, peke yangu. Hilo la mwisho ndilo lililozua kesi.

Watu wananiuliza kwa nini nisitafute mwenza. Nimewahi kwenda na mwenza, mstaafu kama mimi. Bwana yule hawezi kusema huku anatembea, na hawezi kunyamaza. Kwa hiyo kila akikumbuka jambo anasimama, ananishika mkono, anasimulia mpaka mwisho, ndipo tunaendelea. Akiona duka anasikia kiu. Akiona mwembe anataka kivuli. Na kila mtaa ana shemeji. Tulitoka kwenda Ng'ambo, tukaishia kwa shemeji wa kwanza tunakula ugali kwa nsansa, ile mboga ya majani makavu, mpaka taa zikawashwa. Nsansa ilikuwa nzuri, imewekwa karanga. Ng'ambo sikuiona.

Ukiwa peke yako unasimama panapokupendeza. Mtendeni nilisimama kwa fundi baiskeli. Kijana ameinamia beseni la maji, anazamisha mpira wa ndani wa tairi kipande baada ya kipande, anaukamua kidogo, anangoja. Mwenye baiskeli amechuchumaa upande wa pili. Mimi nimeinama, mikono magotini. Hakuna aliyesema neno. Kikapanda kiputo kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama, kikapasuka. Kikafuata kingine mahali palepale. Sote watatu tukasema "Hapo!" kwa pamoja. Fundi akachomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu kuweka alama, akafuta mikono kwenye suruali. Niliona raha ambayo sijawahi kuiona kwenye kikao chochote cha menejimenti. Ndipo fundi akanitazama.

"Mzee, yako iko wapi?"

Sina baiskeli, nikamwambia.

"Sasa umesimamia nini?"

Nikaondoka.

Nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. Mama watoto alivumilia siku za mwanzo, akidhani ni homa ya kustaafu, itapita. Haikupita. Jioni moja nimerudi, vumbi mpaka magotini, akanipa maji ya kunawa akauliza taratibu, kwa ule utaratibu ambao wanaume waliooa wanaujua:

"Baba watoto, huko Isevya kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu ndicho umekikalia tangu saa kumi?"

Jamani, mwanamume aliyestaafu, ameshapata kiinua mgongo, anatoka kila jioni amevaa shati safi, anarudi usiku na hasemi alikuwa kwa nani: hata mimi ningekuwa mke wangu ningefikiri kuna nyumba ndogo. Nikajaribu kumweleza kwamba sikuwa kwa mtu yeyote, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, kwa sababu mwongo mwenye akili hutaja angalau rafiki mmoja. Kesho yake nikapewa mjukuu wa kunisindikiza. Mtoto wa miaka saba, macho makali, anasimama kwa kila muuza barafu. Tulikwenda naye hadi Cheyo. Usiku nilisikia ripoti ikisomwa jikoni: babu amesalimiana na mama mmoja anayeuza nyanya, babu amecheka, babu ameniambia nisiseme kwamba amekula mishkaki. Ripoti ilikuwa kamili. Kijana ana baadaye nzuri serikalini.

Mtaani kwenyewe, walioniondolea shaka ya nyumba ndogo walinipa ugonjwa. Kwetu mtu wa umri wangu akionekana anatembea haraka bila mzigo, daktari ameshasema. Hawaulizi kama unaumwa, wanauliza, "Ni sukari au presha?" Nikikataa yote mawili wanatikisa vichwa kwa huruma: maskini, bado hajakubali hali yake. Habari ilipotoka kona ya kwetu na kufika kona ya pili, nilikuwa mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Nikaalikwa kwenye posa ya binti wa jirani. Wenzangu wanamiminiwa chai ya maziwa, sinia la maandazi linapita, linanivuka. Mama mwenye shughuli akaja mwenyewe na kikombe cha maji ya uvuguvugu na sahani ya karanga za kuchemsha, akaninong'oneza, "Yako nimekutengea." Sikuwa na la kusema. Nimeletewa unga wa mlonge. Nimeletewa magome ambayo hata aliyeyaleta hakukumbuka ni ya mti gani. Faida pekee ni mzee mmoja aliyenipa chupa ya asali ya nyuki wadogo, akaniapia kwamba hiyo sukari haijuani nayo kabisa. Asali ya Tabora siikatai hata kwa ugonjwa wa kweli.

Isevya walinipa cheo. Huko hawakuona ugonjwa. Waliona mzee aliyenyooka, anasalimia kila mtu, anauliza mtaa huu unaanzia wapi unaishia wapi. Mtu wa namna hiyo anataka udiwani. "Mheshimiwa, safari hii mmetukumbuka mapema," akasema mmoja, na kabla sijajibu nikashikwa mkono nikaenda kuonyeshwa mtaro. Mtaro ulikuwa umeziba tangu masika. Nikasimama ukingoni, nikautazama kwa makini jinsi viongozi wanavyotazama mitaro, nikatikisa kichwa. Wakaridhika. Akaletwa mama mmoja akaeleza maji yanavyoingia kwake. Nikatikisa kichwa tena. Nilipoaga, vijana wa kijiwe waliniomba "ya soda", na nilipowaambia sina wakasema kwa sauti ambayo walitaka niisikie: "Huyu kura hazitoshi."

Na ukitaka kujua historia ya mji kwa kutembea, jiandae kwa wazee walionizidi umri. Mwaka 1958, mwezi wa Januari, TANU walifanya mkutano wao mkuu hapa Tabora, Mwalimu Nyerere akawashawishi wajumbe wakubali uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni matusi. Mwishowe wakakubali, na chama kikashinda. Ndio ule unaoitwa Uamuzi wa Busara. Hilo liko vitabuni. Lisilo vitabuni ni idadi ya wazee wa Gongoni na Kanyenye waliokuwemo ukumbini. Mmoja alimfungulia Mwalimu mlango. Mwingine aliufunga. Wa tatu alimpa maji, na wa nne anasema maji yale yalikuwa yake. Kwa hesabu ya mashahidi nilioketi nao barazani, mkutano ule haungetosha ukumbini. Ungehitaji Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na wengine wangekaa juu ya ukuta. Siwezi kumkatiza mzee. Nimekaa, nimesikiliza, giza limeingia, mtaa niliokwenda kuuona sijauona.

Msiba nao. Nilikuwa napita njia ya ndani kule Kidongo Chekundu nikakuta turubai limefungwa kati ya miembe miwili, viti vya plastiki, wanaume wamekaa kimya. Msiba haupitwi mikono mfukoni, hilo kila mtu analijua. Nikavua kofia, nikapeana mikono mstari mzima, nikakaa kiti cha nyuma kwa nia ya kuondoka baada ya dakika chache. Jirani yangu wa kushoto akaniinamia.

"Wewe ni upande wa baba au wa mama?"

"Mpita njia tu. Natoka Ipuli."

"Ipuli!" Akasimama. Akaenda kumnong'oneza msemaji wa familia. Msemaji akasafisha koo, akatangaza kwamba wenzetu wa Ipuli wamefika, na kwamba anamwomba mwakilishi wao aseme neno. Macho yote kwangu. Ningefanyaje? Nikasimama, nikasema kwa niaba ya Ipuli nzima kwamba pigo hili ni letu sote. Nilipoketi, daftari la rambirambi lilikuwa limeshafika mapajani. Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu tano za bajaji ya kurudia. Likasomwa jina la kata, likasomwa kiasi, na nikasikia nyuma yangu mtu akisema, "Ipuli kubwa vile, elfu tano?" Nilirudi kwa miguu gizani, na hadi leo wapo watu wa mtaa ule wanaoamini kata yetu ni ya wabahili.

Kubwa zaidi ni la Mjerumani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na vita vya kwanza vya dunia vilipowabana Wajerumani, mwaka 1916, waligonga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli ya Lulanguru. Zilikuwemo za dhahabu, rupia 15, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Basi, kwa raia wa kawaida hesabu ni rahisi: dhahabu ilikuwepo, Mjerumani alikimbia, mzigo ulikuwa mzito, kwa hiyo imefukiwa. Imefukiwa wapi? Chini ya mti mkubwa, panapoonekana jengo la zamani. Sasa taja mahali katika Tabora pasipo na mti mkubwa karibu na jengo la zamani.

Mimi maskini ya Mungu nilisimama chini ya mwembe mmoja mnene, nikaupapasa gome. Miembe hii tunaambiwa na wazee kwamba ilitokana na kokwa za maembe yaliyoliwa na watu wa misafara, walioletwa na waliotumwa, walio huru na waliofungwa minyororo. Nilikuwa nawaza mambo yangu ya kizee hayo. Nikatoa daftari niandike. Nilipogeuka nikakuta kijana amesimama nyuma yangu, ameweka mikono nyuma kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Ni huu?"

"Marahaba. Ni huu nini?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mimi sina maneno mengi. Sururu ninayo, na kuna mdogo wangu ana kipimo. Usiku tunaingia, asubuhi hakuna anayejua. Tugawane nusu kwa nusu."

Nikamwambia natembea tu. Akatabasamu, tabasamu la mtu anayemwelewa mfanyabiashara mwenzake. "Sawa, wewe upate sita, sisi nne."

Nimejiuliza: mji huu una ugomvi gani na mtu anayetembea peke yake? Jibu nililipata Gongoni, kwa muuza kahawa, na aliyenipa ni mtani wangu. Mzaramo huyo, kaja na reli miaka hiyo na hakurudi. Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo wana utani tangu enzi babu zetu walipokuwa wakikatiza Uzaramo na misafara kwenda pwani. Nimeketi kwenye benchi, nimepokea kikombe, akanitazama mikono.

"Mnyamwezi mikono mitupu?" akasema kwa sauti kijiwe kizima kisikie. "Mzigo umeutupa wapi? Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, wanaimba. Wewe unapita umeweka mikono mfukoni, unategemea nani akuelewe?"

Kijiwe kikacheka, nami nikacheka kwa uchungu, kwa sababu mtani alikuwa amesema kweli. Mji huu umejengwa na watu wanaotembea. Kabla ya reli, kila kilichoingia na kutoka Unyanyembe yetu hii kilikuwa kichwani au begani mwa mtu, frasila mbili hivi kwa kila mpagazi, zaidi ya kilo 30, kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Lakini walitembea kwa mamia, kirangozi mbele na bendera, ngoma inalia, kila mmoja na mzigo wake. Mtu aliyekuwa peke yake njiani, hana mzigo, alikuwa ametoroka msafara, au ni mpelelezi wa mtu. Wakazi wa leo wamerithi macho yaleyale.

Hata Wazungu wenye sifa ya kutembea hawakutembea peke yao hapa, msidanganyike na vitabu. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika hapa Novemba, mahali walipopaita Kazeh. Mwaka uliofuata Burton akabaki hapa na madaftari yake, Speke akasema yeye anatoka kidogo kwenda kaskazini. Tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake, akaamua papo hapo kwamba hicho ndicho chanzo cha Nili. Vitabu vinasema alikwenda peke yake. Peke yake! Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay wa kumfasiria, askari wa Kibaluchi na wapagazi kibao. Peke yake maana yake Burton hakuwepo. Na aliporudi, yalimkuta haya yanayonikuta mimi: mwenzake hakumwamini alikokuwa. Wakagombana mpaka Ulaya. Septemba 1864 walikuwa wakutane mbele ya wasomi huko Bath, Uingereza, kila mmoja aseme lake; siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Yote hayo kwa sababu ya kutoka kidogo. Na siku hizi maji ya ziwa lenyewe yanatufuata hapahapa Tabora kwa bomba. Laiti Speke angekuwa na subira, angeyakinga kwa ndoo.

Livingstone naye, ambaye kutembea ndiko kulikompa jina, alikaa Kwihara, pale nje ya mji penye lile tembe la makumbusho, tangu Februari hadi Agosti 1872. Anafanya nini? Anasubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Njia ilikuwepo, miguu ilikuwepo. Bila watu wa mizigo hakutoka.

Nikayachukua maneno ya mtani kama ushauri wa kitaalamu. Jioni iliyofuata nikatoka na kikapu kitupu. Loo, utulivu! Nilivuka nyumba tano. Nyumba ya sita wakauliza, "Unauza nini?" Nikabadilisha, nikabeba galoni ya maji, tupu, wakaniuliza kama kwangu bomba limekatwa, na mama mmoja akanijazia kwa huruma. Lita 20 nilizibeba mpaka Ipuli, kwa maana sikuweza kumwaga fadhila za mtu mbele ya macho yake.

Kisha majirani wakagundua faida. Aliyekuwa akiniuliza "Unaenda wapi?" sasa anauliza "Unapita wapi?" na mkononi ana kitu. Ukipita Chemchem, mpe dada huyu kitenge. Ukipita Kiloleni, nidaie yule bwana hela yangu, mwambie umetumwa na mimi, atakimbia, usimfukuze, mtazame tu anakimbilia nyumba gani. Ukirudi, niletee michembe, vile viazi vikavu, ya elfu mbili, lakini usinunue kwa yule wa mwanzo. Nimebeba viatu vya shule. Nimebeba betri ya pikipiki. Nimebeba kadi za harusi mpaka nikaanza kualikwa na watu nisiowajua kwa vile nilikaa sebuleni kwao. Mama watoto naye dhana zimemtoka kabisa. Kila nilipokwenda kuna shahidi, na kuna risiti.

Mzigo wa mwisho ulikuwa jogoo. Jirani ana shangazi yake Malolo, jogoo hapelekwi kwa bodaboda, anapata presha. Nikamweka kwapani, jogoo mwekundu, mzito, shingo nje, anatazama mbele kuliko mimi. Ndugu zanguni, nilitembea mji mzima. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mzee, shati safi, jogoo kwapani: kila mtu alijijibu mwenyewe. "Anakwenda ukweni," nikasikia mmoja akisema. "Anapeleka kwa mganga," akasema mwingine. Bodaboda hawakunipigia honi. Vijana wa sururu walinipisha njia. Nilipita Kanyenye, nikasimama nikatazama mafundi cherehani wanavyovuta vitambaa barazani. Nikapita Ng'ambo, nikaiona hatimaye, nikazunguka nyuma ya nyumba za zamani, nikahesabu miembe, nikakaa kwenye jiwe. Jogoo naye akawa anatazama. Tulifika Malolo usiku umeingia, na shangazi akashangaa kwamba kutoka Ipuli tumetumia jioni nzima.

Kwa hiyo natangaza masharti. Wapagazi wa zamani walilipwa kwa doti za merikani na kaniki, na walipewa posho njiani. Mimi nimebeba mizigo ya kata kadhaa kwa malipo ya "Mungu akuzidishie". Kuanzia sasa mzigo usizidi frasila moja. Posho ni karanga na chai, na chai iwe na sukari. Kirangozi ni mimi, na kirangozi haulizwi kwa nini anakwenda Kiloleni kwa kupitia Malolo. Madeni sidai tena. Betri sibebi.

Ila mwenye jogoo mtulivu, asiyewika hovyo mbele za watu, naomba aniazime kwa jioni za Jumamosi. Atarudi kabla ya magharibi, na mtama wa njiani ni juu yangu.